Jina la Mwenye Leseni

Kompyuta yetu inakaa sebuleni, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani, na huwa naifunika kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Mume wangu, Zablon, husema mashine hiyo inatunzwa kuliko yeye. Simbishii. Zablon hajawahi kuniandikia nota hata moja, na kompyuta imeniandikia mamia.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia yetu hapa Tabora. Nasema hivyo kwa kukaza sauti, maana wapo wanaodhani nimeshikizwa tu, na aliyewatia wazo hilo ni Mwalimu Octavian. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Asubuhi alifundisha darasa la kwanza kusoma, jioni akatufundisha sisi kuimba, na kwa kweli sidhani kama alikuwa anatutofautisha. Alipostaafu na kuamua kwenda Ipole kufuga nyuki, alisimama mbele ya kwaya nzima akatangaza: "Mama Marko ataendesha mazoezi mpaka apatikane mwalimu." Halafu akakaa.

Mpaka apatikane mwalimu! Mimi niliyenakili nota zake zote tangu enzi za kalamu na rula. Mimi niliyewaingiza sauti ya pili kwenye wimbo siku zote alizokuwa na mafua. Imepita miaka miwili sasa, mwalimu hajapatikana, na wala hakuna aliyeonekana kumtafuta. Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo.

Kwa hiyo mwaka huu nilitunga wimbo. Kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia yetu tumeimba wimbo uleule wa Mwalimu Octavian mara kumi na moja mfululizo. Ni wimbo mzuri, sina ugomvi nao, lakini umefika mahali watoto wa jirani wanaimba sauti ya besi wakichota maji. Nilianza kutunga wangu mwezi wa pili, nikaumaliza mwezi wa tano, na kwaya sikuwaambia kitu. Niliwaambia tu kwamba Jumamosi nitaleta wimbo mpya. Ukiwa mbaya, niliwaza, nitasema nimeuokota mahali. Ukiwa mzuri, kila mtu atakuwa ameshika karatasi, na juu kulia, pale panapoandikwa mtunzi, patakuwa na jina langu. Nilitaka jina langu pale. Nalisema wazi kwa sababu nikilificha mtaona tu.

Jumatatu ya wiki hiyo umeme ulikatika. Uliporudi ulirudi kwa hasira, kompyuta ikatoa mlio mmoja mfupi, ikazima. Niliifunga kwenye khanga nikampelekea Nurdini, fundi wetu aliye karibu na soko kuu. Nurdini ni mtu mzima mwenye subira na ndevu, na hazungumzi mpaka amalize kufungua skrubu zote. Akabadilisha diski, akarudisha programu zangu zote, na wimbo ulikuwa salama kwa sababu nilikuwa nimeuhifadhi kwenye flashi. Jumatano akaileta mwenyewe nyumbani, akaiwasha, nikafungua programu ya nota.

Ikafunguka. Wimbo ukatokea, mistari yote minne, sauti ya kwanza hadi ya nne. Ila kwenye ukurasa mzima, kutoka kona hadi kona, palikuwa na neno moja kubwa la kijivu la kuonyesha kwamba hii ni nakala ya majaribio, na nilipobonyeza pa kuchapa programu ikagoma. Ikasema, kwa Kiingereza chake, kwamba leseni haijathibitishwa. Niweke namba ya leseni na jina la mwenye leseni. Nilikuwa na nafasi tano za kujaribu. Nikikosea zote tano, ingejifunga siku thelathini.

Sikukuu ilikuwa baada ya siku kumi na moja. Mazoezi Jumamosi.

"Diski mpya, ndiyo maana haikutambui," Nurdini akasema. "Lakini usihangaike, Mama Marko. Mimi ninayo iliyochakachuliwa. Dakika kumi tu."

"Iliyochakachuliwa ndiyo ipi?"

"Iliyovunjwa kufuli. Hiyo haikuulizi leseni wala nini."

"Yaani ya wizi."

"Mama yangu, mji mzima wanatumia!"

"Nurdini, mwezi uliopita ulizunguka mtaa hadi mtaa kumtafuta mwenye flashi, kwa sababu ulikuta ina picha za harusi ya watu. Ukaniambia ni amana. Leo unataka nimwimbie Mungu kwa kitu cha kuiba?"

Akacheka mpaka akashika ndevu. "Haya, umenishinda. Basi itafutwe namba yenyewe. Nani alikuwekea programu hii mwanzoni?"

Jibu nililijua tangu neno lile la kijivu lilipotokea. Zablon naye alilijua, ndiyo maana alijifanya anasoma gazeti.

"Mpigie," akasema baada ya Nurdini kuondoka. "Hatakung'ata."

"Sitaki kumwomba kitu."

"Basi tuimbe ule wa zamani. Mara ya kumi na mbili."

Zablon alizaliwa Mmoraviani, akahamia kwetu tulipooana, na kuna siku natamani ningemwacha hukohuko. Nikamtumia Mwalimu Octavian ujumbe. Akajibu kwamba simu yake hushika mtandao akiwa amepanda kichuguu kilicho nyuma ya mizinga, hivyo nimpigie Alhamisi saa nne asubuhi, atakuwa amekwisha panda.

Alhamisi saa nne kamili nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, simu nimeiweka mezani nikaifungulia spika, Zablon kwenye kiti chake na bakuli la karanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Marko. Habari za huko? Zablon hajambo? Na Marko mwenyewe?"

"Wote hawajambo. Marko bado yuko Kaliua, pale stesheni. Habari za mama? Habari za nyuki?"

Nyuki walikuwa na habari nyingi. Nikazisikiliza zote, mzinga mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ndivyo watu wanavyozungumza, hata kama mmoja wao ana neno lake rohoni. Alipomaliza nikamweleza shida. Akasema namba anayo, iko kwenye kaunta buku lake, na amelishika mkononi.

"Andika," akasema. Sauti ikawa ileile ya darasani. "Mkasi."

"Mkasi?"

"Ile herufi iliyokaa kama mkasi uliofunguliwa. Kwetu haina jina."

"Eksi."

"Hiyo ni ya Kiingereza. Andika mkasi. Halafu saba. Halafu e. Halafu be. Halafu o yenye mkia."

"Kyu."

"Mimi nasema o yenye mkia, usinichanganye. Halafu i. De. Mbili. I tena. Me."

Tukaenda hivyo herufi ishirini. Zablon alikuwa ameacha kutafuna ili asipitwe. Namba ikaisha, nikabonyeza. Programu ikafikiri kidogo, ikajibu: namba si sahihi, nafasi nne zimebaki.

"Mwalimu," nikasema, "una hakika umesoma vizuri?"

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Huwezi kumuuliza hivyo mtu aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote.

"Mama Marko. Watoto wa nusu ya wilaya wanasoma kwa sababu yangu."

"Nimeuliza tu, mwalimu."

"Hebu nisomee wewe ulichoandika."

"Eksi, saba, ei, bii, kyu, ii..."

"Simama hapo. Ei ni mnyama gani?"

"Ei. Si umesema ei?"

"Nimesema e! E ya embe!"

Nikaangalia kioo. Nilikuwa nimeandika A. Nikaangalia mbele, pale aliposema i, nikakuta nimeandika E. Ikaniingia taratibu. Mimi nilijifunza kupiga taipu nikiwa karani wa sekondari, na tulifundishwa kwa herufi za Kiingereza. Mtu akiniambia i, kidole changu kinakwenda kwenye E bila kuniuliza. Akiniambia e, kinakwenda kwenye A. Na Mwalimu Octavian maisha yake yote hajawahi kuita herufi kwa jina lingine isipokuwa lile lililo ubaoni kwake.

"Na ile i ni i ya inzi?" nikauliza.

"Kwani kuna nyingine?"

Zablon akapaliwa na karanga. Nami nikaanza kucheka, na kutoka kule Ipole nikamsikia Mwalimu Octavian naye anacheka, kicheko kikavu ambacho katika miaka ishirini na sita nilikisikia labda mara mbili. Tukarudia tangu mwanzo, embe kwa embe na inzi kwa inzi, na safari hii kwenye namba ikatokea alama ya kijani. Nikapiga makofi peke yangu.

Sasa likabaki jina. Hapo sikuwa na wasiwasi. Nikaandika jina lake kamili, Octavian Kapela, nikabonyeza.

Jina halilingani na leseni. Nafasi tatu zimebaki.

"Mwalimu, jina lako uliliandikaje? Uliweka la katikati?"

"Jina langu la nini?"

"La mwenye leseni."

Nikamsikia anafunga kaunta buku lake.

"Mama Marko, leseni hiyo si yangu. Ni yako."

"Yangu tangu lini?"

"Tangu nilipoondoka. Hukumbuki nilikuja kuaga? Nikakaa kwenye kompyuta hapo kwako karibu saa nzima. Nilikuwa naihamisha iwe yako. Nikakwambia, nimekuachia."

Nilikumbuka vizuri. Ilikuwa siku ya pili baada ya lile tangazo lake. Nilimpa chai kwa sababu mgeni hupewa chai, kisha nikajifungia jikoni nikisugua sufuria lililokuwa safi tayari, ili nisikae naye. Alipotoka alisema, "Haya, nimekuachia," nikadhani anazungumzia kiti.

"Uliniachia kwaya mpaka apatikane mwalimu," nikasema. Lilinitoka lenyewe. Zablon akaweka bakuli chini.

"Ndiyo," Mwalimu Octavian akasema. "Wazee wa kamati walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema mwanamke hataweza kuwashika wale wa besi. Wangekaa vikao mpaka leo. Nikasema maneno hayo wakatulia, kila mtu akaenda kwake. Mimi nilijua hakuna atakayetafutwa. Ningejua kuna mwingine, ningekuhamishia wewe leseni?"

"Ungeniambia, mwalimu."

"Nilidhani umeelewa."

Miaka miwili! Nilitaka kukasirika, na kwa sekunde kadhaa nilifaulu. Halafu hasira ikakosa pa kukaa. Huyu mzee alikuwa amenipa kazi yake yote mkononi, akanipa na chombo chake, tena kwa siri, na mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria safi. Niliona aibu, na chini ya aibu nilikuwa nimefurahi sana.

"Basi nashukuru," nikasema. "Nashukuru sana, mwalimu. Hukunieleza, lakini nashukuru."

"Weka jina lako tumalize. Jua linanichoma huku."

Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa: Josepha Nkwabi. Nikabonyeza nikiwa nimeshaanza kutabasamu.

Halilingani. Zimebaki mbili.

Zablon akasogea, akasema labda mwalimu aliweka jina la mume, kama wafanyavyo kwenye vyeti vya zahanati. Nikaandika Josepha Zablon.

Halilingani. Imebaki moja.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi nikaikalia. Nafasi moja, na baada yake siku thelathini za ukimya, sikukuu ikiwa imepita. Sikuweza kubahatisha.

"Mwalimu. Siku ile, kwenye nafasi ya jina, uliandika nini?"

"Niliandika jina lako."

"Lipi?"

"Lako. Mama Marko."

"Nakuomba ulitaje jina langu, mwalimu."

"Si ndiyo nalitaja? Mama Marko."

Nikasikia upepo ukipita kwenye simu yake. Zablon alinitazama, nami nikamtazama. Wote wawili tulielewa wakati mmoja.

"Hulijui," nikasema polepole.

Mwalimu Octavian akakohoa. Alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe. "Sasa ningelijulia wapi? Ulipojiunga na kwaya ulikuja na mtoto mgongoni, akina mama wakasema huyu ni Mama Marko. Mke wa mtu, mimi nianze kumuuliza jina lake la usichana, watu wangenielewaje? Na mwaka ukishapita, utaanzaje kuuliza?"

Alikuwa na haki. Hata mimi ningemshangaa. Mikono ikatoka chini, nikaandika herufi zote, Mama, nafasi, Marko, nikapiga ishara ya msalaba, nikabonyeza.

Leseni imethibitishwa. Karibu tena, Mama Marko.

Lile neno la kijivu likatoweka ukurasani, wimbo ukabaki mweupe na msafi. Nikapiga kelele mpaka kuku wa uani wakatawanyika. Kule kwenye kichuguu Mwalimu Octavian akasema asifiwe Mungu, kisha akasema nimtumie nakala, aone sauti ya tatu nimeifanyaje, maana siku zote nilikuwa na tabia ya kuipandisha mno. Nikamwambia nitamtumia. Nikamwambia pia sauti ya tatu haijapandishwa mno. Tukaagana vizuri.

"Mwalimu," nikasema kabla hajakata. "Naitwa Josepha."

"Josepha," akarudia, akilipima kama mwanafunzi mpya kwenye mahudhurio. "Haya. Vizuri."

Nilipokwenda kuchapa ndipo nikaona mambo mengine. Kwa vile sasa ilinijua, programu ilikuwa imejaza yenyewe pale juu kulia: Mtunzi, Mama Marko.

"Acha hivyohivyo," Zablon akasema. "Ndivyo wanavyokujua wote."

Nikakaa nikaitazama. Jina hilo nalipenda. Nimeitwa hivyo miaka ishirini na tisa, na kila nikiitwa namkumbuka yule mtoto, na ni mtoto mzuri, kila mwisho wa mwezi anapanda treni kuja kutuona. Lakini wimbo hakuutunga Marko. Marko hajui hata do iko wapi. Nikafuta, nikaandika Josepha Nkwabi, nikachapa moja, nikaipeleka kwa Nurdini akatoa kopi arobaini. Alipoziona safi, hazina lile neno la majaribio, akazigonga mezani zikakaa sawa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Jumamosi tulianza saa tisa alasiri. Nikagawa karatasi bila maelezo. Tukapitisha kila sauti peke yake, kwanza kwa nota, kisha kwa maneno, na besi wakasumbua kama kawaida yao. Mama Vedasto, ambaye ndiye nguzo ya sauti ya pili, alichelewa kuingia mara mbili nikamrudisha mara mbili. Saa kumi na moja tukaunganisha sauti zote nne. Sitaeleza jinsi ilivyosikika, maana nitaonekana najisifu. Nitasema tu kwamba walipofika mwisho hakuna aliyekohoa wala kuangalia simu, na babu mmoja wa besi akasema, "Turudie," na huyo hajawahi kuomba kurudia kitu chochote.

Tuliporudia mara ya tatu, Mama Vedasto akainua karatasi yake karibu na macho.

"Mama Marko, huyu Josepha Nkwabi ni wa parokia gani?"

"Lazima ni sista," mmoja wa sauti ya kwanza akasema. "Sauti zilizopangwa hivi ni za masista."

"Sista gani anaitwa Nkwabi tu? Huyo atakuwa wa Mwanza."

"Popote alipo aitwe," Mama Vedasto akasema. "Sikukuu aje akae mbele, watu wamwone."

Nilikuwa nimejiandaa wauchukie. Nilikuwa nimejiandaa waseme ni mgumu. Hili sikuwa nimejiandaa nalo kabisa. Watu arobaini, kila wiki mara tatu, misiba yao nimelia nao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akilijua jina langu. Nikageukia ubaoni nikajifanya nafuta vumbi la chaki.

"Atakaa mbele," nikasema nilipoweza. Nikawageukia. "Josepha Nkwabi ni mimi."

Mama Vedasto akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipobatizwa."

Wakaangua kicheko, wengine wakapiga vigelegele, yule babu wa besi akagonga benchi kwa ngumi. Katikati ya kelele hizo Mama Vedasto akatoka kwenye mstari wake. Tumeimba pamoja miaka kumi na tisa, tumeshonesha sare moja, na kwenye daftari langu la mahudhurio nimemwandika Mama Vedasto kwa mkono wangu mwenyewe kila Jumamosi. Akaja mpaka mbele yangu, akafuta kiganja kwenye khanga, akaninyooshea mkono kama vile ndiyo kwanza tunakutana.

"Mimi," akasema, "naitwa Yustina."